Wenzetu wa Kijani

Mhakiki alituma makala yake Jumatano saa tatu asubuhi, siku mbili kabla ya muda, akajinyoosha kwenye kiti kama mtu aliyemaliza kulima. Makala ilihusu Lango la Saba, gemu ya kufyatuliana risasi aliyoanza kuicheza akiwa na miaka kumi na mitatu. Sasa, miaka ishirini na mitano baadaye, ilikuwa imefanyiwa ukarabati na kurudishwa sokoni: picha safi, sauti mpya, na mipangilio kibao ya kuwasaidia wachezaji wenye ulemavu.

Hakuna aliyeijua gemu ile kama yeye. Aliwahi hata kuiandikia insha, "Upweke wa Askari," akieleza kwamba ndani ya mahandaki ya Lango la Saba mtu hana rafiki, kila anayejitokeza ni adui, na kwamba humo ndimo ulimo uzito wa gemu yenyewe. Insha ilisomwa sana. Mwanafunzi mmoja wa chuo kikuu aliinukuu kwenye tasnifu yake mara kumi na moja.

Saa nne kasorobo mhariri akapiga simu. Alikuwa mama wa maneno machache, mwenye kifaa cha kumsaidia kusikia kwenye sikio la kushoto, na akichoshwa na mtu alikizima.

"Hii aya ya mwisho," akasema. "Umeandika, 'Sasa gemu hii inaweza kuchezwa na kila mtu.' Kila mtu nani?"

"Kila mtu... yaani wote."

"Umemwuliza nani?"

"Nimesoma orodha nyuma ya boksi."

Mhakiki akahofia kwamba kifaa kimeshazimwa.

"Tafuta mtu ambaye mipangilio hiyo imetengenezwa kwa ajili yake," mhariri akasema hatimaye. "Mkalishe, acheze, wewe uangalie. Nataka makala Ijumaa saa sita mchana."

Mkewe, ambaye ni mfamasia, alikuwa mlangoni akitafuta funguo zake, akayasikia yote.

"Si umwambie mama," akasema.

"Mama yupi?"

"Mama yangu. Yuko sebuleni. Vidole vimekaza kwa baridi yabisi, jicho moja ndiyo kwanza limetoka kwenye upasuaji. Unataka nani zaidi?"

"Nimwendee mama mkwe nimwambie njoo tuue watu?"

"Mwambie ni mtihani," mkewe akasema, akaondoka.

Ushauri huo ulikuwa na akili. Mama mkwe alikuwa mtahini wa madereva kwa miaka thelathini na mmoja, na mjini kwao watu walimwita Rudia, kwa sababu ndilo neno alilomwambia karibu kila aliyeshuka kwenye gari lake. Aliwahi kumfelisha ndugu yake wa kuzaliwa, mara mbili, ya pili ikiwa wiki moja kabla ya ndugu huyo kuanza kazi ya udereva. Mwezi huu alikuwa amekuja kwa binti yake ili awe karibu na hospitali ya macho, na tangu afike mhakiki alikuwa akitembea ndani ya nyumba yake mwenyewe kwa ncha za vidole.

Alimkuta kwenye kochi, redio mapajani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba baba. Mbona unaninyatia?"

Akamweleza. Alizungukazunguka sana, akayaita mahandaki "majengo" na bunduki "vifaa," mpaka mama mkwe akamkatiza.

"Sema tu kwamba unatafuta mtu aliyechakaa. Lete hicho kitu."

Shida ilianza kabla risasi haijalia. Ukurasa wa mipangilio ya usaidizi haukuonekana mahali popote kwenye menyu ya kwanza. Mhakiki akapekua kijitabu, akakuta kwamba ili kuufungua sharti ushikilie vitufe viwili vya nyuma ya pedi ya kuchezea, halafu ubonyeze vijiti vyote viwili kwa pamoja, kwa sekunde tatu.

Mama mkwe akajaribu. Kidole cha shahada kikakataa kujikunja, kile cha kati kikakunjika peke yake, pedi ikamponyoka ikaangukia kwenye kikapu cha nguo chafu.

"Nikuulize," akasema kwa upole uliomtisha mhakiki kuliko makelele. "Huu ukurasa ni wa watu wenye vidole vibovu?"

"Ndiyo mama."

"Na ufunguo wake ni vidole vizima vinne."

"Ndiyo mama."

"Andika."

Akaandika. Kisha akaufungua mwenyewe. Herufi zikatokea, ndogo kama sisimizi, na mojawapo ya mistari ile ilisema: "Herufi kubwa." Mama mkwe akasogea hadi pua ikakaribia kugusa kioo cha televisheni ndipo akausoma, na hapohapo ukurasa ukajifunga wenyewe kwa sababu sekunde kumi zilikuwa zimepita. Mhakiki akaandika tena, safari hii bila kuambiwa.

Hata hivyo, mambo yalipowashwa, yalifanya kazi. Maneno ya wahusika yakaanza kupita chini ya kioo kwa herufi nene za manjano. Mwendo ukapunguzwa. Damu iligeuzwa kuwa majani makavu, jambo ambalo mhakiki alilishukuru kimoyomoyo, maana ana kazi gani ya kumwaga damu mbele ya mkwe wake.

"Anza wewe," mama mkwe akasema. "Nione dereva mwenye uzoefu."

Mhakiki akaingia handakini kama mtu anayeingia jikoni kwake. Akampiga wa kwanza, wa pili na wa tatu. Majani yakapeperuka.

"Ngoja," mama mkwe akasema. "Huyo ameandikiwa, 'Usipige, mimi ni mwenzako.'"

"Ujanja wao huo, mama."

"Na huyu anasema, 'Tumekuja kukusaidia.'"

"Wote husema hivyo." Akampiga. Kabla ya ukarabati hakukuwa na maandishi, na sauti zilikuwa za kukwaruza tu. Kumbe adui alikuwa mjanja hivi! Akajisemea kwamba hilo linatilia nguvu insha yake.

Mama mkwe akamgeukia. "Binti yangu anajua kwamba uko hivi?"

Zamu ikawa yake. Aliweka pedi juu ya mto, akabonyeza kwa kifundo cha kidole gumba, maana mipangilio ilimruhusu kubonyeza mara moja badala ya kushikilia. Aliendesha kama alivyofundisha. Kila kona alisimama, akaangalia kulia, akaangalia kushoto, ndipo akapita. Handaki la kwanza mhakiki hulimaliza kwa nusu dakika. Yeye alitumia dakika sita. Lakini alipotoka upande wa pili, alikuwa na watu wanne nyuma yake. Walimfungulia milango. Mmoja alimpa dawa. Adui alipojitokeza gizani, wale wanne walimmaliza kabla yeye hajapata kitufe.

Mhakiki akaruka kutoka kwenye kiti. "Wameongeza kitu! Maadui wanasalimu amri!" Akaanza kuandika mbio. "Umefanyaje mama? Umebonyeza nini?"

"Sijabonyeza kitu. Sijawapiga tu."

"Umejuaje kwamba hawa hawapigwi?"

Mama mkwe akaweka pedi chini. "Baba, hawa wamevaa kijani. Wale wabaya wamevaa nyekundu."

"Kijani kipi?"

Nje, mtu alikuwa akifua, maji yakisikika yakimwagwa.

"Ile sweta uliyoniletea mwaka jana," mama mkwe akasema taratibu. "Ulisema ni ya rangi gani?"

"Ya kahawia. Ulisema unapenda kahawia."

"Ni ya kijani, mwanangu. Kijani cha nyasi. Nilidhani unanidharau."

"Mama!"

"Nimeivaa miezi mitatu kwa hasira." Akavuta pumzi. "Taa za barabarani je?"

"Ya juu simama, ya chini nenda."

"Na dereva wa namna yako nilimpata mmoja kila mwaka. Alinijibu hivyohivyo."

Alikuwa ameshafungua ule ukurasa, yaani alikuwa amemwamuru mkwe wake aufungue, na akashuka nao mstari kwa mstari hadi paliposomeka: "Rangi, kwa wasiotofautisha nyekundu na kijani."

"Hiyo haituhusu," mhakiki akasema, lakini sauti ilikuwa imeshalegea.

"Bonyeza."

Akabonyeza. Handaki likagawanyika mbele ya macho yake. Upande mmoja walisimama watu wa buluu, upande mwingine watu wa manjano. Wale wa buluu walikuwa wengi. Walikuwa kwenye ngazi, nyuma ya mapipa, kwenye milango aliyoivamia tangu akiwa na miaka kumi na mitatu, na mmoja alikuwa akimpungia mkono.

"Kumbe hawa walikuwa wenzetu?" akanong'ona.

"Wote."

"Lakini walikuwa wananirudishia risasi!"

"Baada ya kuwapiga mara ngapi?"

Akaketi sakafuni, mkono mdomoni, akifanya hesabu ya miaka ishirini na mitano. Akakumbuka insha. Akamkumbuka yule mwanafunzi na nukuu zake kumi na moja. Kisha bega likaanza kumtikisika, na mama mkwe, akidhani analia, akainuka kwa shida aje ambembeleze. Akamkuta anacheka mpaka machozi yanamtoka. Naye akashindwa kujizuia. Walicheka hadi mama mkwe akaomba maji.

Makala mpya ilimfikia mhariri Ijumaa saa tano na nusu. Ilianza hivi: "Nimeifahamu gemu hii kwa robo karne na sikuwahi kuielewa, kwa sababu sioni kijani." Ikaeleza yale mazuri ya mipangilio, ikaeleza vitufe vinne, herufi za sisimizi na sekunde kumi, na ikafuta insha ya "Upweke wa Askari" neno kwa neno. Kwenye sehemu ya mshauri wa kitaalamu aliandika: "Mama mkwe wangu."

Mhariri akapiga simu. "Sasa nimejua kila mtu ni nani," akasema, akakata.

Barua za wasomaji zilikuja kwa wiki mbili. Wengi walimcheka, na alistahili. Lakini wanaume ishirini na watatu walikiri kwamba nao wamekuwa wakiwaua wenzao tangu utotoni, na fundi mmoja wa saa mwenye mkono mmoja aliuliza kama kuna gemu nyingine za kupimwa. Mhariri akampa fundi huyo kazi ya kudumu kwenye ukurasa wao. Waliotengeneza Lango la Saba hawakuandika chochote. Walitoa tu marekebisho kimyakimya, na ukurasa wa usaidizi ukahamia mwanzo kabisa, kwa herufi zinazoonekana ukiwa mlangoni.

Wakati huo mama mkwe alikuwa ameshapona jicho na kurudi kwake, akiwa amebeba mashine ya gemu ya zamani ya mhakiki ndani ya begi la nguo. Mhakiki akampigia kumpa habari njema.

"Shikamoo mama. Wamebadilisha, mama! Wamekusikiliza!"

"Walichelewa," mama mkwe akajibu. Nyuma yake risasi zilirindima, na sauti ya ndugu yake, yule aliyemfelisha mara mbili, ikasikika ikimwomba aende polepole kwenye kona. "Baba, nipigie jioni. Tumezingirwa."