Chuchu ya Nyuma Kushoto

Wangare hakuwahi kumpa mgeni maziwa mabaya. Hata mwaka wa ukame, ng'ombe wake Keru alipokuwa akitoa kikombe kimoja tu, kikombe hicho kilikuwa cha mgeni. Basi Jumatatu ile, chuchu ya nyuma kushoto ilipotoa maji yenye mabonge, aliyamwaga kando ya zizi, akaijaza chupa ya nne kutoka chuchu ya mbele.

Mgeni alikuwa Jemutai, binti wa maabara huko Nakuru. Kila wiki alifika kwa Wangare huko Subukia kuchukua chupa nne, kila chuchu na chupa yake, maana walikuwa wakijaribu chanjo ya ugonjwa wa kiwele.

"Umeamkaje, shosho?" akamwamkia bibi huyo.

"Na kitendawili. Nyumba yangu ina milango minne, atokaye harudi."

"Kiwele. Hicho ulinitegea wiki iliyopita. Leo nategea mimi: nimemwonyesha mbwa koti la mwizi, mwizi mwenyewe hajafika."

Wangare akafikiri, akashindwa. "Haya, nakupa mji. Chukua Nakuru yote."

"Nimeichukua. Ni chanjo yetu. Kijidudu cha ugonjwa kina koti. Tulichukua ramani ya kipande kimoja tu cha koti hilo, tukakipa kijidudu kingine kipole kitushonee vipande vingi. Ng'ombe akidungwa, mwili wake unalijua koti. Mwizi akija, anakamatwa mlangoni."

"Na Keru wangu alionyeshwa koti?"

"Sijui. Wengine walidungwa maji ya chumvi, na hata mimi nimefichwa ni akina nani. Chupa ndizo zitasema."

Akaziinua chupa kwenye jua, uso ukamng'aa. "Tazama zako zilivyo safi. Zikiendelea hivi, ng'ombe wa bonde hili lote watadungwa."

Wangare akamkumbuka jirani yake Naliaka, ambaye ng'ombe wake alikauka chuchu mbili na ndama akawa analia mchana kutwa. Naliaka angeiamini chanjo hiyo. Angeiamini kwa ushahidi wa chupa ile ya nne.

Jemutai alikuwa amefika langoni.

"Mami, rudi," Wangare akamwita. "Hiyo ya nne imedanganya."

Akamweleza yote, akiangalia gambuti zake miguuni. "Ningekupaje uchafu ubebe mpaka mjini? Wewe ni mgeni wangu."

Jemutai akaweka sanduku la chupa chini. "Wiki zilizopita je?"

"Zilikuwa za kweli. Ni leo tu."

"Basi nipe maji ya moto, shosho. Huo uchafu ndio ninaoufuata."

Akachuchumaa ubavuni mwa Keru, akaiosha ile chuchu, akaikamua polepole kwenye chupa mpya. Keru akarusha mguu. Wangare akamkuna shingoni akimnong'oneza mpaka akatulia. Kisha Jemutai akampigia daktari wa mifugo aje na dawa siku hiyo hiyo, chuchu isije ikafa.

"Na kama Keru alidungwa koti lenyewe?" Wangare akauliza.

"Basi hili limepwaya. Tutashona lingine."

Wangare akammiminia chai ya maziwa ya jana, nzito. "Hii sasa ndiyo ya mgeni."

"Mgeni gani, shosho? Nina mavi ya ng'ombe mpaka kwenye viwiko."

"Kweli. Basi ukimaliza, kikombe uoshe mwenyewe."