Jembe la Mahakamani

Hakimu Nikodemu alirudi kutoka semina na jambo jipya: mahakama iende sambamba na siasa ya Ujamaa. Mwingine angeanza na mahabusu waliorundikana. Yeye akaanza na ukuta. Akaapa hasikilizi kesi hata moja mpaka jembe na nyundo vya mninga, alama ya Chama, vitundikwe juu ya kiti chake.

Kazi akapewa Anselmo, mchonga vinyago wa Mbagala. Amekaa chini ya mti wa mkungu nyuma ya mahakama, anachonga, mgambo hao wakapita na operesheni yao ya kukamata wazururaji.

"Kitambulisho cha kazi?"

"Jamani, si hii hapa naifanya?"

"Umekaa kivulini saa nne asubuhi, unasema kazi?" Wakamsomba.

Sasa sikia vituko. Kesi haisikilizwi bila jembe, na mchonga jembe yuko ndani. Basi akapelekewa mti wake na patasi humo humo lokapu, amalizie upesi ili ahukumiwe! Na Anselmo hakulaza damu, maana mkewe Sesilia alikuwa amejifungua juzi, yuko hospitali Mwananyamala peke yake. Alijua hakimu akiiona tu kazi, atamwachia. Masikini, alikuwa na imani na serikali yake.

Jembe na nyundo vikatundikwa. Hakimu akasifu mpaka povu likamtoka. "Kazi safi! Kazi ya kizalendo!" Kisha akakaa chini yake, akavaa miwani.

"Mshtakiwa, una kazi gani?"

Anselmo akaonyesha juu ya kichwa cha hakimu.

"Jibu kwa mdomo."

"Mie mchongaji, Ndugu Hakimu. Mke wangu ana kichanga, hana mtu hapa mjini. Nakuomba."

Hakimu akakohoa. Siasa inamtambua mkulima na mfanyakazi, akasema. Mkaa kivulini na vipande vya miti haimtambui. Ila serikali haina roho mbaya: inampa shamba Rufiji, aondoke leo leo.

Hasira zikampanda Anselmo. "Haya. Kama nakwenda kulima, niteremshieni jembe langu."

Watu wakaangua kicheko. Hakimu akagonga meza. "Hiyo ni mali ya umma!"

Jioni lori likaondoka na Anselmo, mikono mitupu. Kesho yake akaja Sesilia, mtoto kifuani, kumwulizia mumewe. Karani akamwambia akae asubiri. Akakaa, akainua macho ukutani, akatabasamu. Aliujua mkono wa mumewe, akadhani yuko karibu.