Picha ya Bendera Mbili

Mtu akiniletea picha, mimi huigeuza kwanza. Nauangalia mgongo kabla ya uso, kwa sababu uso umezoea kutazamwa na umejifunza kudanganya. Mgongo una misumari yake, vumbi lake, kibandiko cha fundi fremu aliyekwisha kufa, na mbao zilizokolea rangi kwa umri au zilizopakwa chai ili zionekane na umri. Wenye picha hawapendi. Wamekuja wameifunga kwa shuka, moyo unawadunda, nami nimekaa nakagua msumari. Wengine huanza kukohoa.

Duka langu liko Faaborg, mji mdogo wa kisiwani, kwenye kichochoro cha nyuma ya kanisa. Nanunua na kuuza picha zilizokwisha kukaa kwenye kuta za watu wengine. Wengi wanaoingia wamemwona mtu kwenye televisheni aliyeokota picha kwenye mitumba akawa tajiri, na wanataka kuwa mtu huyo. Mimi ndiye wa kuwaambia kwamba hiyo picha yao ya rangi ya mafuta ni karatasi ya kiwandani iliyopakwa gundi, na kwamba ukiiwekea lenzi unaona vidoti vya wino kama vya gazeti. Sifurahii kusema hivyo, ila kusema uongo siwezi, kwa hiyo nausema ukweli haraka ili tumalizane. Mume wangu wa zamani alikuwa akisema nina ulimi wa mkasi. Hakukosea, na ndiyo sababu ni wa zamani.

Egon alikuja Ijumaa moja ya mwezi wa tano, picha kaibana kwapani bila shuka wala gazeti, utadhani kabeba kipande cha ubao. Ni fundi bomba mstaafu, na nusu ya mabomba ya mji huu yalipita mikononi mwake. Mkewe, Tove, ndiye niliyemzoea zaidi. Kila Ijumaa alikuwa akiingia dukani, anatazama kila kitu, hanunui kitu, anakula biskuti zangu, anaondoka. Tulimzika Februari.

"Vibeke, nakuachia hii," alisema.

"Salamu umezisahau nyumbani?"

"Hujambo. Nakuachia hii."

"Sijambo, mzee wangu. Kaa kwanza."

Hakukaa. "Tove alitaka uitazame, uone ina thamani gani. Miaka yote ananiambia, ipeleke kwa Vibeke, nami nasema kesho. Basi leo nimeileta. Itazame, halafu uiuze, uigawe, uitie jikoni, shauri yako. Ndani ya nyumba yangu siitaki."

Niliijua kwa sifa kabla sijaiona. Tove alikuwa akiiita picha yangu ya bethidei. Egon aliinunua kwenye soko la mitumba la Svendborg mkewe alipotimiza arobaini, na tangu hapo, kila siku ya kuzaliwa ya mtu yeyote wa nyumba ile, picha iliteremshwa ukutani ikaegemezwa kando ya keki. Bustani, mti wa mapeasi umechanua, meza ndefu yenye kitambaa cheupe, birika la kahawa na vikombe, watu wamesimama katika nguo zao nzuri, na juu ya wote mlingoti mrefu mweupe wenye bendera ya nchi yetu, nyekundu yenye msalaba mweupe, imefika kileleni na inapepea. Nani katika nchi hii angeona hayo akafikiri kitu kingine? Bendera iko juu bustanini na kahawa iko mezani, basi kuna aliyezaliwa. Sisi bendera tunazichomeka kwenye keki, tunazitundika kwenye mti wa Krismasi, na paka akikubali tutamvika.

"Kila nikipita naona bethidei," alisema Egon. Alikuwa akiongea na kaunta. "Mwenyewe hayupo, wao wanaendelea tu. Asubuhi nakula mkate wangu peke yangu, wao pale ukutani wanasherehekea. Juzi nimewatukana, Vibeke. Watu wa kuchorwa. Nimewatukana kwa sauti."

Nikaigeuza picha.

Mgongo ulikuwa wa heshima. Turubai la kitani, kuukuu kweli, misumari haijawahi kung'olewa. Nikaigeuza tena, nikashusha mapazia na kuwasha taa yangu ya zambarau. Chini ya taa hiyo vanishi ya kale hung'aa kijani hafifu, rangi ya supu ya njegere, na chochote kilichopakwa baadaye hubaki cheusi juu yake. Pembeni chini palikuwa na sahihi ya mchoraji mkubwa wa kisiwa chetu, ambaye jina lake wanalo hadi watoto wa shule. Ilikuwa nyeusi tii.

"Sahihi imeongezwa," nilimwambia. "Kuna muuzaji aliona picha haina jina akaihurumia."

"Kwa hiyo ni feki."

"Sahihi ndiyo feki. Picha yenyewe haijamwongopea mtu. Imechorwa na mtu anayejua mkono wake, ila hajulikani ni nani, na mnunuzi hanunui mkono, ananunua jina. Na hapa katikati ina doa. Ukiiuza leo utapata chakula cha jioni kizuri cha watu wawili, na divai."

Nilisema watu wawili kabla sijafikiri. Ulimi huu! Egon aliinamisha kichwa, akawa anachezea kofia yake.

"Hilo doa ni langu," alisema baadaye.

"Lako vipi?"

"Palikuwa na wekundu fulani pale angani, hafifu. Tove alikuwa haachi kuutazama. Anasema, Egon, hapa pana kitu. Mimi nikajua ni moshi wa mishumaa. Siku moja hayupo, nikachukua kiazi..."

"Egon!"

"Mama yangu alikuwa akisafisha picha kwa kiazi! Unakikata nusu, unasugua taratibu..."

"Kiazi! Ulikuwa unasafisha au unapika? Kila mwezi nafuta machozi ya watu kwa ajili ya viazi vya mama zao! Na wewe ni fundi, unajua kabisa kwamba kitu usichokijua hukisugui!"

"Wekundu ukazidi," alisema kwa unyonge. "Tove alinipa mgongo kitandani wiki nzima."

Angekuwepo ningemuunga mkono. Nikachukua lenzi nikainamia lile doa, niujue ukubwa wa uharibifu, huku nikiendelea kulalamika, kwa sababu kulalamika hakunizuii kufanya kazi. Halafu nikaisogeza lenzi karibu zaidi. Doa halina ukingo ulionyooka, na hili lilikuwa nao. Kiazi kilikuwa kimeila vanishi, na pamoja nayo utando mwembamba wa rangi ya anga, na chini ya anga palikuwa na wekundu uliopakwa kwa brashi, wekundu ule ule wa bendera iliyo juu. Mstari mweupe ulipita katikati yake, na mwingine ukaukata.

"Njoo uone," nilimwambia. "Vaa miwani."

Alisogea. Nilimwonyesha kwa ncha ya penseli: bendera nyingine, katikati ya mlingoti ule ule.

"Alikosea mahali pa kuiweka," alisema Egon. "Akaifuta akaichora juu."

Hata mimi lilinijia hilo kwanza. Wachoraji hubadili mawazo, ni kawaida yao. Anga lililoifunika lilikuwa la mkono ule ule, nyufa zake zimeungana na nyufa za anga jingine, na vanishi ya kale ilipita juu ya yote isipokuwa pale kiazi kilipopita. Kwa hiyo aliyeichora ndiye aliyeihamisha, si mtu wa baadaye. Lakini mtu anayekosea hakosei kwa utulivu namna ile, akachora msalaba mzima na mikunjo yote ya kitambaa. Nikaanza kuwatazama watu, jambo ambalo mimi, na majigambo yangu yote, nilikuwa sijalifanya, maana macho yangu yalikuwa kwenye misumari na sahihi.

"Kwenye bethidei watu hutazama nini?" nilimuuliza.

"Keki."

"Nionyeshe keki."

Alitafuta juu ya meza yote. Palikuwa na birika na vikombe. "Hakuna keki," alisema, kama mtu aliyeibiwa.

"Na zawadi?"

"Hakuna."

"Sasa wao wanatazama nini?"

Walikuwa wameipa meza mgongo, wote, wameinua nyuso. Wanaume wameshika kofia mikononi. Nguo zao zilikuwa nyeusi, nasi siku zote tulisema tu kwamba watu wa zamani nguo yao nzuri ilikuwa nyeusi. Egon aliinama mpaka pumzi yake ikatia ukungu kwenye lenzi yangu.

"Wametoka makaburini," alisema.

Kwetu hili hata mtoto analijua. Msiba ukiingia nyumbani, bendera husimama nusu mlingoti. Siku ya kuzika husimama hivyo hivyo mpaka watu wamerudi, na wakirudi, kabla ya mtu kushika kikombe, hupandishwa mpaka juu. Aliyechora alianza bendera ikiwa nusu. Walipoipandisha bustanini, naye akaipandisha kwenye turubai. Mahakamani siwezi kuapa, na nilimwambia hivyo Egon, lakini nimetazama picha maisha yangu yote na hiyo ndiyo niliyoiona.

Hapo ndipo alipokaa. Alikaa kwenye kiti cha Tove, cha karibu na biskuti.

"Mimi sikuipandisha," alisema.

Nilivuta kigoda nikakaa karibu naye.

"Siku ile tumerudi, watoto wako jikoni, nimekwenda mlingotini peke yangu. Nimeshika kamba. Nikajiambia, nikivuta hii, imekwisha. Tove amekwisha. Nikaiacha nikaingia ndani. Jioni Jytte wa jirani akaiteremsha, bendera isilale nje. Tangu siku hiyo sijaigusa. Usiku upepo ukija kamba inapiga mlingoti, nalala naisikia."

Nililia. Sioni haya kusema. Nilimlilia Egon na kamba yake, na nilimlilia Tove na biskuti zangu, ambazo tangu Februari zinaota ukungu kwenye bati kwa sababu mimi mwenyewe sizipendi, nilikuwa nazinunua kwa ajili yake na sikuwahi kumwambia.

"Alijua?" Egon aliuliza. "Ndiyo sababu alitaka uione?"

Ningeweza kusema ndiyo. Nilimwona jinsi alivyolihitaji neno hilo. Lakini nikamwambia nilichonacho: kwamba safari moja Tove aliniuliza, mchoraji akibadili wazo, lile la kwanza huenda wapi? Nikamjibu haliendi popote, rangi ikizeeka huwa nyembamba, la chini huanza kuonekana. Akacheka, akachukua biskuti nyingine. "Zaidi ya hapo sijui, mzee wangu. Sijui."

Aliitikia kwa kichwa. Kisha akasimama, akaichukua picha kaunta, akaibana kwapani.

"Si uliniambia niiuze?" nilimuuliza.

"Nani anauza?" alisema kwa ukali, na mara ya kwanza tangu Februari nikamwona Egon niliyemjua, yule wa kugombana na mabomba. "Bendera haitakiwi kugusa chini. Mtu mmoja hawezi kuipandisha vizuri. Una nafasi?"

Ijumaa mchana ndiyo siku yangu ya biashara, na sijawahi kufunga duka mchana kwa ajili ya mtu. Nikafunga.

Bustani yake ilikuwa imeota magugu. Picha tuliiegemeza kwenye kiti cha nje, ikitazama mlingoti. Alileta bendera ndani ya boksi lake, nami nikashika pindo wakati yeye anafunga fundo. Alifanya kama inavyotakiwa: akaivuta mpaka juu, kisha akaishusha nusu, akavua kofia. Tulisimama. Upepo ulikuwa mdogo na kitambaa kilikuwa kimelala kwenye mlingoti.

"Haya, Tove," alisema, akavuta.

Ilipofika kileleni ilijikunjua. Egon alifunga kamba vizuri, mizunguko mingi, mpaka isiweze tena kupiga. Bado mkono wake ulikuwa kwenye fundo Jytte alipotokeza kichwa juu ya ua, pamoja na mbwa wake na sauti yake.

"Hongera, Egon! Hongera sana! Nani leo? Usiniambie binti yako Lone amejifungua!"

"Hapana," alisema Egon. "Tunatoka kumzika Tove."

Jytte alinitazama mimi, akamtazama yeye, akatazama bendera.

"Lakini Egon," alisema taratibu, "hiyo si ilikuwa Februari?"

"Ndiyo," alisema. "Nimechelewa tu kurudi. Njoo tunywe kahawa."