Kilo za Chiriku

Saa moja na robo asubuhi uji ulikuwa umeshapoa mara mbili na kupashwa moto mara mbili. Bibi alishika kijiko. Chiriku alifunga mdomo. Mama yake alisimama mlangoni akifunga vifungo vya sare ya ofisi ya maji, macho yake yakikifuata kile kijiko kikienda na kurudi.

"Hiki cha baba," alisema bibi.

"Baba yuko safarini."

"Basi cha bibi."

"Bibi ale mwenyewe. Mimi nimeshiba."

"Haya, umemsikia mwanao? Miaka minne, majibu ya kizee." Bibi aliweka kijiko chini. "Baba yake alikuwa hivihivi. Hali, lakini mzito! Alivunja vitanda viwili kabla hajaanza shule."

Chiriku alikuwa ameshiba kwa miezi mitano. Jana yake alikula nusu ndizi, juzi yake hakula kitu. Mikono yake ilikuwa njiti za kiberiti na mbavu zake ungezihesabu ukiwa ng'ambo ya barabara. Hata hivyo zahanati haikuwa na haraka naye, kwa sababu kila mwezi mizani ilipanda. Sasa ilisoma kilo ishirini na sita. Mstari kwenye kadi yake ulikuwa umenyooka kwenda juu kama ngazi, na mkuu wa zahanati aliwahi kuuonyesha kwa akina mama wengine.

Mama Chiriku alifanya kazi kwenye dirisha la malalamiko. Juu ya kioo, upande wake yeye, mkuu wa kitengo alikuwa amebandika karatasi: MTEJA AKIPANDA, WEWE SHUKA. Siku hiyo wa kwanza kupanda alikuwa mzee mmoja ambaye bomba lake lilitoa upepo tu tangu wiki iliyopita.

"Namba ya mita nimekutajia mara tatu! Hilo ni sikio au ni pambo?"

"Samahani kwa usumbufu, mzee wangu."

Jibu alilolitaka hasa alilimeza. Lilishuka kooni polepole kama kidonge kisicho na maji, likapita kifuani, na tumboni mwake halikufika. Majibu yake hayakuwa yakifika huko kwa miezi mitano, tangu kuzaliwa kwa mtoto wa pili, wa kiume, ambaye hakulia. Yeye na mumewe walirudi nyumbani na begi la nguo ndogo zikiwa bado na mikunjo ya dukani. Watu walikuja, wakakaa, wakasema jikaze, bado u kijana, utapata mwingine. Yeye akamjibu kila mmoja asante. Siku ya kumi na mbili alirudi dirishani.

"Mwanao bado hali?" aliuliza mwenzake wa dirisha la pili, walipokuwa wakinywa chai.

"Anasema ameshiba."

"Atakuwa ameshiba ya kwako unayoyameza, shoga. Mtoto wa dada yangu alishiba ya baba yake mwaka mzima. Siku moja akakohoa mbele ya wageni, yakatoka matusi ya baba mtu yote, kwa mpangilio."

"Wakafanyaje?"

"Waliongeza maji kwenye chai. Wageni walikataa kuondoka."

Jumanne mama alimbeba Chiriku mgongoni hadi zahanati, akipumzika kila baada ya nguzo mbili za umeme. Nesi kijana alimlaza kitandani, akaweka kifaa cha kusikilizia, kwanza kifuani, kisha tumboni. Alisikiliza kwa muda mrefu.

"Mama, hapa juu kuna mtu anasema, pambo ni wewe na bomba lako."

"Hiyo ya wiki jana. Kazini."

"Na huku chini kabisa kuna mmoja anarudia jambo moja. Anasema, sikupewa hata kumshika."

Mama alitazama ukuta. "Ni mimi."

Nesi alivua kile kifaa. "Amejaa. Uji utapita wapi? Inabidi uyaseme, mama. Ukiyasema wewe, yanamtoka yeye."

"Niyaseme kwa nani?"

Nesi alifungua daftari akatafuta. Kulikuwa na safu ya jina la mtoto, ya uzito, ya chanjo. "Kadi ya mama hufungwa mtoto akishazaliwa," alisema hatimaye, kwa sauti ya mtu anayeomba radhi. Nje, kwenye benchi, watu arobaini walikuwa wakisubiri.

Jioni ile, vyombo vikiwa kwenye beseni, mama alisema, "Mama, sikupewa hata kumshika."

Bibi aliendelea kusugua sufuria moja mpaka ikang'aa.

"Na mimi wangu wawili," alisema. "Nilikuwa sijamwambia mtu."

"Wawili?"

"Kabla ya mumeo." Aliigeuza sufuria akautazama upande wa pili. "Nami nikawa natamba mjini kwamba nina mtoto mzito."

Waliongea mpaka maji ya beseni yakapoa. Mle chumbani Chiriku alicheua mara kadhaa, kisha akaja akauliza kama kuna mkate. Alikula kipande kimoja na ganda lake. Kesho yake alikula yai. Kijiko cha baba na cha bibi havikutajwa tena. Sahani iliwekwa mezani, na watu wakala. Kila jioni wanawake wale wawili walisema kidogo, na kila asubuhi Chiriku alikuwa mwepesi zaidi. Kufikia mwisho wa mwezi mashavu yake yalikuwa yamejaa, na kiti cha plastiki kilimbeba bila kulia.

Siku ya kliniki, mkuu wa zahanati mwenyewe ndiye aliyepima.

"Kumi na nne! Mama, mtoto unamlisha au unamtazama tu?"

"Anakula sasa. Mtazame mashavu."

"Mashavu hatuandiki. Tazama mstari wako unavyoanguka." Aliinua kadi benchi zima lione. "Wenzako wanaweza. Jikaze."

Mama alikuwa na jibu. Lilikuwa jibu zuri, refu, na lilifika hadi kwenye meno. Nesi kijana, kwenye meza ya chanjo, aliinamia sindano zake.

"Samahani," alisema mama, akameza.

Mshale wa mizani ulitikisika, ukapanda robo kilo.

"Umeona?" alisema mkuu wa zahanati, na sauti yake ikalainika. "Ukitaka, inawezekana." Akaandika: Ameonywa. Anaendelea vizuri.

Nje ya geti mama alimkalisha Chiriku ukutani, akamwambia lile jibu lote, kutoka mwanzo, pamoja na mambo aliyoyakumbuka njiani. Wapita njia waliwapisha. Chiriku alisikiliza, akacheua.

"Mkate uko wapi?"

Ulikuwa mkobani. Aliutafuna mpaka nyumbani, akitembea kwa miguu yake, akiruka kila palipokuwa na dimbwi. Mama alimwacha mikononi mwa bibi, akafunga vifungo vya sare akiwa njiani.

Saa tatu alisukuma kioo cha dirisha. Karatasi ilikuwa mahali pake. Foleni ilifika barabarani, na mteja wa kwanza alikuwa ameshavuta pumzi.