Vigoda vya Wasiorudi

Katika nchi ya Sahauni, iliyojibanza baina ya mto usiokuwa na daraja na milima isiyokuwa na njia, vita vilikuwa vimekwisha miaka kumi na tisa, lakini vilikwisha kama inavyokwisha mvua juu ya paa lenye matundu: nje kumekauka, ndani kungali kunatona. Vilianza kwa ajili ya chemchemi ya chumvi iliyokuwa ng'ambo ya mto. Chemchemi hiyo ilikauka katika mwaka wa tatu wa mapigano. Lakini kwa kuwa hapana aliyepewa idhini ya kuwaarifu wapiganaji, waliendelea kuifia kwa miaka minane mingine, kwa utii na nidhamu ya kupigiwa mfano.

Vita vilipoondoka viliacha nguo zake miilini mwa watu. Bibi harusi alipelekwa kwa mumewe kwa mwendo wa gwaride. Wapishi walipika chakula kisichotoa moshi, na mwanamke ambaye moshi wake ulionekana na majirani alihesabiwa kuwa hakufunzwa. Watoto walibembelezwa kwa nyimbo za kuhesabu hatua, na watu walipokutana njiani hawakuulizana hali; mmoja aliuliza, "Wamerudi?" na wa pili akajibu, "Wako njiani," kisha kila mtu akaenda zake akiwa ametimiza adabu. Vijana waliozaliwa baada ya vita waliamini kwamba hiyo ndiyo asili ya Sahauni tangu dunia kuumbwa, na ole wake aliyewaambia kwamba bibi zao walikuwa wakipika kwa moshi mwingi na kucheka kwa sauti.

Lakini desturi iliyozipita zote kwa uzito ilikuwa ile ya kigoda. Kila mwanamume aliyevuka mto kwenda vitani aliacha nyumbani kigoda chake, na hapana aliyethubutu kukikalia. Kilipakwa mafuta ya ufuta kila mwezi ili ubao usipasuke. Aliyerudi hakuhesabiwa kuwa amerudi mpaka aketi juu ya kigoda hichohicho; kabla ya hapo hakutajwa kwa jina, hakupakuliwa chakula, wala hakuvuka kizingiti. Alisimama uani, akangoja. Na iwapo jua lingetua mara tatu hajaketi, alihesabiwa kuwa mzuka, akasindikizwa kwa heshima zote hadi mtoni, akavushwa tena.

Waliotawala nchi hiyo waliitwa Waketi, nao walikuwa tisa: watu ambao vita havikuwaona, na ambao amani iliwakuta wameshiba. Katika mwaka wa saba wa amani walitangaza kwamba wasiorudi hawana kinywa, na kwamba ni dhuluma kuwaacha bila ya mtu wa kuketi kwa niaba yao. Basi vigoda vilikusanywa nyumba hadi nyumba, huku ngoma zikilia na wanawake wakilia, vikapelekwa katika Jumba la Baraza, vikapangwa vinne vinne, safu juu ya safu, hata ikawa kila Mketi ana mnara wake. Aliyewaketia wengi ndiye aliyesikilizwa zaidi. Mketi Mkuu, Bwana Sombeza, alikuwa na safu thelathini na moja chini ya makalio yake, na kichwa chake kilikuwa kimeanza kuota utando wa buibui wa darini.

Minara hiyo haikujijenga. Aliijenga fundi mmoja wa mbao, Bi Sikudhani, mwanamke mrefu mwenye viganja vigumu kama kwato. Kabla ya vita hakuna mwanamke wa Sahauni aliyekuwa ameshika tezo. Mafundi walipokwisha kuvuka mto, majeneza yalihitajika, na wanawake wakajifunza kazi juu ya majeneza. Bi Sikudhani alijifunza kuliko wote. Vigoda vilipokusanywa, alikitoa cha mumewe, Chande, kwa mkono wake mwenyewe. Tena alifanya zaidi. Alikitazama, akaona kwamba ni cha mninga, kipana, miguu yake imesimama imara kuliko yote iliyoletwa, na kwa fahari ya mke na ya fundi akakiweka chini kabisa, kwenye pembe, kiwe msingi wa mnara wa Mketi Mkuu. Alijiambia: mume wangu amebeba nchi.

Ndipo asubuhi moja, miaka kumi na miwili baadaye, alipofungua mlango akamkuta Chande amesimama uani.

Alikuwa mzee. Nywele zilikuwa zimemwisha, na bega moja lilikuwa chini ya jenzake. Bi Sikudhani alishika mwimo wa mlango kwa mikono miwili, kwa sababu desturi ilimkataza kumwita jina, na jina lilikuwa limekwisha kufika kwenye meno.

"Mgeni ametoka wapi?" aliuliza.

"Ng'ambo," mtu huyo alijibu. "Tulikuwa mateka, tukivunja mawe. Vita vilipokwisha walisahau kutufungulia. Na sisi, mke wangu, kwa mazoea, tukasahau kutoka." Alitabasamu kidogo. "Kilete basi. Nimesimama miaka mingi. Mimi mwenyewe sina neno, ila magoti haya yana maoni mengine."

Mke wake hakusogea.

"Hakipo ndani," alisema.

Kutoka upande wa pili wa ua, jirani yake, Bi Mosi, mjane mnene wa tangu mwaka wa kwanza wa vita, ambaye ulimi wake ulikuwa mkali kuliko randa, aliinua kichwa juu ya ukuta wa makuti.

"Mwambie kilipo, shoga. Mumeo amerudi, nawe umemkalishia mwanamume mwingine juu yake."

Siku hiyohiyo Bi Sikudhani alikwenda Barazani. Mketi Mkuu hakuwa akisikika vizuri kutoka alipokuwa, kwa hiyo palikuwepo karani wa ngazi, mtu mwembamba aliyeshinda katikati ya mnara, akipandisha maneno ya walio chini na kuyashusha ya aliye juu. Fundi alieleza haja yake kwa ufupi: mumewe yu hai, jua litatua mara tatu, anaomba kigoda chake.

Palipita kitambo. Kisha karani alishusha jibu.

"Mheshimiwa anasema, mumeo hayupo."

"Yupo uani kwangu. Nimemwacha ameegemea ukuta wa jiko."

"Mheshimiwa anasema, yeye ameketi kwa niaba yake miaka kumi na miwili bila ya kuchoka. Kama huyo mtu yupo, basi yeye ameketi kwa niaba ya nani?"

"Hilo ni gumu kwangu, bwana karani. Mimi fundi."

"Mheshimiwa anakuhurumia. Anasema, wewe una mikono; mchongee kingine kizuri zaidi. Kigoda ni kigoda."

"Mwambie, ingekuwa kigoda ni kigoda, asingetuchukulia vyetu."

Karani, ambaye kazi yake ilikuwa kupandisha maneno, hayo hakuyapandisha. Aliyameza, akapandisha kikohozi. Na kutoka juu, bila ya kungoja, ilishuka hukumu ya mwisho: ikiwa mtu huyo amechoka, na aketi chini.

Bi Sikudhani aliinamisha kichwa, akatoka. Katika Sahauni, aliyeketishwa chini ni maiti peke yake, kabla ya kuoshwa.

Jua la kwanza lilitua, na la pili likatua, Chande amesimama. Alisimama kama walivyozoeshwa vitani, uzito mguu huu, kisha ule, na mkewe alimtazama kupitia ufa wa mlango asiweze kumpa hata maji. Bi Mosi, ambaye hakuwa mke wa mtu tena na kwa hiyo hakukatazwa sana, alikuwa akimrushia mihogo ya kuchoma juu ya ua, huku akisema kwa sauti kwamba anawalisha kunguru. Fundi hakulala, wala hakulia. Alikuwa akiupima mnara kichwani. Aliijua kila kabari na kila ugwe wa ngozi uliofunga safu na safu. Alijua mzigo unavyoshuka kutoka kwa Mketi Mkuu hadi pembe ile, na jinsi pembe ile inavyoguna chini yake. Yeye ndiye aliyeufanya usianguke. Ajabu ilikuwa kwamba, kwa miaka yote hiyo, hakuwahi kujiuliza ni kwa nini usianguke.

Siku ya tatu ilikuwa siku ya mafuta, siku pekee katika mwezi ambayo wanawake waliruhusiwa kuingia Barazani na kuvipaka mafuta ya ufuta vigoda vya watu wao, vile vilivyoweza kufikiwa kwa mkono. Waliingia kwa mistari miwili, vibakuli mikononi. Waketi tisa walikuwa juu, wakijadili tangu asubuhi ukubwa wa huzuni utakaofaa kwa sikukuu ya mwaka huo. Bi Sikudhani aliingia na sanduku lake la vifaa, kama alivyoingia kila mwezi kukaza kabari, na hapana aliyemtazama mara ya pili.

Alipiga magoti penye pembe. Alikata ugwe. Alipitisha wenzo wa mti wa mkoma chini ya kigoda cha safu ya pili, akaweka jiwe la kuegemeza, akabonyeza. Mnara haukusogea. Alibonyeza kwa kifua na tumbo, akabaki ananing'inia kama nguo iliyoanikwa.

"Huna uzito, shoga," alisema Bi Mosi nyuma yake. "Umekonda kwa fahari. Nipishe mimi niliyekula."

Akaweka bakuli chini, akapandisha kanga, akauketia wenzo kwa haki yake yote. Mnara uliinuka upana wa kidole. Bi Sikudhani alikivuta kigoda cha mumewe. Nacho kilitoka kikilia kama jino linalong'olewa. Pembe ilibaki tupu, na Bi Mosi alianza kutokwa na jasho.

"Weka kitu," alinong'ona. "Chochote. Si wakati wa kunitazama huu."

Palikuwa na kitu kimoja tu cha kimo kile. Fundi alisukuma mahali pale sanduku lake, pamoja na tezo, randa, patasi na misumeno yake yote ndani, maisha yake ya miaka thelathini, na Bi Mosi akajiinua polepole. Mnara ulishuka, ukaguna, ukatulia.

"Mheshimiwa anauliza," alisema karani wa ngazi kutoka katikati, "ni nini kilichotikisika."

Karani aliteremka ili aone mwenyewe. Aliona pembe, akaliona sanduku, akamwona fundi amesimama na kigoda kwapani mbele ya wanawake mia wenye mikono ya mafuta. Alifikiri kwa muda. Kisha alivaa viatu vyake, akapita katikati yao kwa adabu, akatoka nje, na hakuonekana tena siku hiyo.

Jua lilikuwa bado mkono mmoja juu ya milima Bi Sikudhani alipofika nyumbani. Alikiweka kigoda mbele ya mumewe, akakipangusa kwa upindo wa kanga. Chande alikitazama sana. Kisha aliketi.

"Chande," alisema mkewe. Na alipokwisha kulisema mara moja, alilirudia mara tatu au nne, kama mtu anayejaribu ufunguo.

Aliingia ndani, akatoka na uji na maji. Alimkuta mumewe anajisogeza huku na huku, akiinuka kidogo na kuketi tena.

"Kinayumba," alisema Chande. "Miguu imetawanyika. Nani aliyekuwa juu yake?"

"Mtu mzito."

"Au ni mimi niliyepinda." Alikunywa maji. "Sijui. Ningali nasikia kama natakiwa kusimama."

Hakumaliza uji. Wanawake wawili walikuwa wamesimama uani, vibakuli vitupu mikononi, wakihema. Walimtazama aliyeketi, kisha wakamtazama fundi.

"Bi Mosi anasema uje na vifaa," alisema mmoja wao. "Wengine hapana aliyetoka Barazani. Kila mtu amekishika kigoda chake."

"Vifaa vyangu viko chini ya Mketi Mkuu."

"Ndivyo tulivyomwambia. Amesema, basi uje na mikono."

Bi Sikudhani alifunga kanga kiunoni. Nyuma yake Chande aliinuka, akakiweka kigoda kwapani, akamfuata pasipo kuulizwa.

Barazani palikuwa kimya. Waketi wanane walikuwa wamekwisha kuteremka, kila mtu kwa namna yake, na minara yao ilisimama bila ya watu. Mnara wa tisa haukuwa na njia ya kuteremkia: ngazi ilikoma katikati, kwa kuwa safu ziliongezwa kila mwaka na ngazi haikuongezwa, na karani aliyezoea kumpokea Mketi Mkuu mkononi hakuwepo. Wanawake walikuwa wameuzunguka. Kila mmoja alikuwa ameweka kiganja juu ya kigoda kimoja, na wale ambao vyao vilikuwa mbali juu walikuwa wamewashika mabega waliokuwa mbele yao. Hapana aliyevuta. Kilisikika kisauti chembamba kutoka darini kikiuliza watu hawa wanataka nini, na kwa nini hawatumi maneno yao kwa utaratibu.

Bi Mosi aliinua uso.

"Mheshimiwa," alisema, bila ya kupaza, "tutajie jina la mmoja tu, yeyote umtakaye, katika hao unaowaketia, nasi tutakwenda zetu."

Walingoja. Kisha kilisikika juu kule kitu kikikwaruza, polepole, safu ya thelathini au ya thelathini na moja, na hapana aliyejua kama ni ubao, au ni mtu anayetafuta mahali pa kuweka mguu.