Pumzi za Kupandia Mgeta

Nesi Hosiana aliwaketisha wagonjwa sita wa saratani kwenye viti vya plastiki, akawafundisha kutulia. Fumbeni macho. Sikilizeni pumzi inavyoingia na kutoka. Hasira ikija usiifukuze wala usiifuate, iangalie tu.

Yuliana akaiangalia ya kwake, akaiona vizuri sana: Ignas, mumewe kwa miaka kumi na tisa, aliyemtelekeza wiki ile nywele zilipoanza kunyonyoka, akabaki kwao milimani Mgeta akilima kabichi na mwanamke mwingine. Na alilima wapi? Kwenye shamba la ukoo wa Yuliana! Kwa Waluguru ardhi inafuata upande wa mama. Mume hapo ni mgeni tu. Ila katika ukoo wao, mume haondolewi mpaka mkewe asimame shambani kwa miguu yake na kutamka. Ignas alilijua hilo. Alijua pia kwamba pikipiki haifiki kule juu.

Basi Yuliana akafanya mazoezi kama analipwa. Asubuhi, mchana, hata dripu ikiwa mkononi: kuvuta, kutoa. Kichefuchefu kikija, anakiangalia. Hosiana akamsifu mbele ya wenzake, "Mwoneni dada Yuliana alivyosamehe."

Yuliana akatabasamu. Amsamehe nani?

Mwezi wa saba akaupanda mlima wa Mgeta. Hatua moja, pumzi moja. Mara nne alikaa chini, mara moja alitapika, na kila alipotaka kurudi, hasira ilimnyanyua. Shambani alimkuta mjomba wake Agustino, mkuu wa ukoo, ambaye Yuliana alikwisha kumpigia simu. Ignas alikuwa kando, ameshika jembe, uso umemshuka.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba, mwanangu. Sema."

"Huyu si mume wangu tena. Atoke."

Ignas akapiga magoti kati ya kabichi. "Mke wangu, niliogopa kukuona unakufa. Niache basi nivune, wiki mbili tu."

Alikuwa analia kweli. Huruma ikamjaa Yuliana kifuani, akaichukia, akavuta pumzi, akaiacha ipite.

"Leo," akasema.

Mjomba akalichukua jembe. Ignas akateremka mikono mitupu, na Yuliana akamsindikiza kwa macho mpaka akapotelea kwenye kona. Kisha akakaa chini, akavunja jani la kabichi, akalitafuna hivyo hivyo bichi. Lilikuwa tamu. Tangu aanze dawa, hakuna chakula kilichokuwa na ladha mdomoni mwake.