Mikono ya Fundi Enelesi

Kila Ijumaa alfajiri, kabla ndoo hazijapangwa foleni, Enelesi Gomani alifungua nati za pampu ya kijiji cha Namikango, akavuta vyuma vyake kimoja kimoja, akakagua raba na kuvirudisha. Shirika la ng'ambo lilichimba kisima hicho miaka kumi na moja iliyopita, likamfundisha kazi kwa siku tatu, likaenda zake. Tangu hapo pampu haikulala mbovu hata siku moja, na Enelesi hakuwa mtu wa kulificha hilo.

Mwaka wa sita mikono yake ilianza kusafisha maji. Alipotia kidole kwenye ndoo ya tope, tope lilikwisha. Majirani waliona ni haki yake, maana kazi humwingia mtu mwilini. Aliyelalamika ni mumewe Lositala tu.

"Mama Tiyamike, kata yangu ya pombe usiiguse! Juzi ulinigeuzia yote maji matupu."

"Basi nimekutibu. Sema asante."

Binti yao Tiyamike aliolewa Kapeni, nyuma ya kilima, ambako watu na ng'ombe walichangia dimbwi moja. Shirika lilipotafuta kijiji kingine cha kuchimbia, Kapeni walimwita Enelesi ashuhudie kwamba watu wa huku wanajua kutunza pampu. Alikwenda na spana yake mkononi, shingo juu.

Ofisa wa shirika, Bwana Chimtengo, alitaka kwanza picha ya mwanamke anayebeba maji machafu. Tiyamike akachota. Sasa, huko mwanamke hamwachi mwenzake ajitwike ndoo peke yake, hata wakiwa hawasalimiani. Enelesi akaruka kumtwika mwanawe, akateleza, akatumbukia hadi mabegani.

Dimbwi likatakata. Viluwiluwi vilionekana hadi chini, pamoja na kijiko cha mtu kilichopotea tangu masika.

"Ah, mama, umeniharibia," alisema Bwana Chimtengo.

"Kesho litakuwa tope tena, bwana," alisema Tiyamike.

"Dada yangu, fomu inauliza leo. Kesho haimo."

Akaandika kwamba Kapeni ina maji safi. Angepita tena baada ya mwaka.

Enelesi aliona aibu, kisha akashikwa na hasira. Mwaka mzima alivuka kilima kila asubuhi, akachovya mkono katika ndoo sitini na mbili za Kapeni, akarudi kwake kulima. Matumbo ya watoto yakatulia. Huko Kapeni hata wazee walimwamkia.

Wiki ya ofisa ilipofika, bila siku kutajwa, mkuu wa kijiji cha Kapeni alimjia mwenyewe.

"Mkwe, tunakuomba utupumzishe na mikono yako. Akishaona tope tu, tumepona."

Akakaa nyumbani siku nne. Siku ya tano ikaja habari kwamba mjukuu wake, Limbani, mtoto wa miezi minane, anahara tangu jana na macho yameingia ndani.

Angeweza kuchovya ndoo ya Tiyamike peke yake. Lakini alipofika alizikuta zote sitini na mbili zimepangwa, na nyuma yake wenyewe wamesimama, hawamwombi wala hawamkatazi. Mkuu wa kijiji alikuwa ameleta mbili. Enelesi akakunja mikono ya blauzi.

Gari lilifika saa tatu. Bwana Chimtengo alikagua ndoo, akachota kikombe, akanywa.

"Matamu," alisema, akaandika.

Hakuna aliyemlaumu Enelesi. Limbani alikuwa ameshanyonya na kulala.

"Mama, njoo tukupige picha na ndoo," ofisa alimwita. "Inama kidogo, kama unachota."

"Fundi hapigwi picha ameinama," alisema Enelesi. "Nipige hivi hivi. Na uandike jina langu, na uandike kwamba kesho nakuja tena."

Bwana Chimtengo akaitazama fomu mbele na nyuma. Haikuwa na nafasi ya hilo, akampiga picha amesimama.